LIMBUKO NA MAVUNO: TUMAINI LA UFUFUO KATIKA SHAMBA LA UWELE



Mara nyingi katika jarida hili huwaletea taarifa za visima, mbegu na vikundi vya akina mama. Safari hii naomba nilijibu swali nililoulizwa na mzee mmoja wa kanisa huko Unyambwa, Singida: "Mratibu, kama tunaamini tutafufuliwa, kwa nini tunahangaika hivi na mambo ya dunia?" Siku ile nilimjibu harakaharaka, kikazi. Jibu lenyewe nililipata baadaye, tena kwa uchungu.

Januari 2021 nilimzika mama yangu. Pale kaburini tulikiri imani pamoja, na tulipofika kwenye ufufuo wa mwili sauti yangu ikakatika. Tangu siku hiyo sikuweza kuomba. Niliandika ripoti, niliongoza ibada ya asubuhi ofisini, lakini moyoni nilikuwa kama mtu anayepapasa gizani.

Wiki mbili kabla ya Pasaka ya mwaka ule nilikwenda Unyambwa kukagua mashamba. Uwele ulikuwa umeanza kukomaa, na huo ndio wakati wa hatari, maana kweleakwelea huja kwa makundi makubwa na kumaliza shamba kwa siku chache. Nilimkuta mama mmoja mtu mzima chini ya dungu, akipiga debe kuwafukuza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na msiba, tulisikia."

Nilimwuliza kama hachoki. Akakata suke moja lililokomaa, akanipa mkononi. "Hili limetangulia," akasema. "Nikiliona hili najua mengine yanakuja. Sasa niende nyumbani niwaachie ndege?"

Nilirudi na lile suke mfukoni, na jioni nikafungua 1 Wakorintho 15. Humo Mtume Paulo anamwita Kristo aliyefufuka limbuko lao waliolala. Wakulima wa Israeli walipeleka mganda wa kwanza mbele za Bwana kabla ya kula mavuno mapya, kama tunavyosoma katika Walawi 23. Limbuko si mavuno yote, lakini limetoka katika shamba lilelile. Limbuko likipatikana, mavuno yanakuja.

Kwa hiyo tunajifunza mambo matatu.

Kwanza, wapendwa wetu waliolala katika Bwana hawakupotea. Kilichotokea kwa Kristo kitatokea na kwao.

Pili, mavuno bado hayajafika, hivyo machozi si dhambi. Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro, ingawa alijua atakalofanya. Tusiwaharakishe wafiwa kwa mistari ya Biblia kabla hatujakaa nao.

Tatu, kati ya limbuko na mavuno kuna kazi ya kulinda shamba. Angalieni jinsi Paulo anavyoimaliza sura hiyo ndefu ya ufufuo: anawaambia Wakorintho waimarike, kwa kuwa taabu yao katika Bwana si bure. Na sura ya 16 inaanza na nini? Changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu! Kwake Paulo, habari za kaburi tupu na habari za sadaka hazikuwa mbali. Hilo ndilo jibu ambalo nilipaswa kumpa yule mzee. Tunachimba kisima na kutunza mbegu kwa sababu tumekwisha kuliona suke la kwanza.

Na kumtafuta Mungu je? Mariamu Magdalene alikwenda bustanini kutafuta maiti, akamdhania Bwana kuwa mtunza bustani, mpaka alipoitwa kwa jina lake. Mimi nami nilimtafuta Mungu kwenye makaratasi na kwenye ukimya wa chumba changu, kumbe hakuwa mbali. Usiku ule niliomba tena. Yalikuwa maneno machache tu, na jina la mama yangu lilikuwemo.

Ndugu zangu, mnapokutana katika vikao vyenu kugawa mbegu au kuhesabu michango, anzeni kwa kuwakumbuka waliofiwa katika usharika. Kisha fanyeni kazi kwa bidii, maana ndege hawasubiri.

Mungu awabariki.

Mratibu wa Miradi