Gari la Kuvalishwa

Herufi VX kwenye mlango wa nyuma wa Land Cruiser zimeshikwa na gundi tu. Uzi mwembamba na maji ya moto huzing'oa, na gundi ya dukani huzibandika kwenye gari jingine lolote. Grili hushikwa na klipu na skrubu chache. Bampa, taa, boneti, magurudumu na viti vya ngozi vyote huuzwa, vipya au mitumba, na makanika mwepesi huvihamisha kwa siku moja. Mnunuzi anayeingia yadini Garissa na kuanza kulizunguka gari kwa nje anakagua sehemu ileile ambayo muuzaji amekuwa na uhuru wote nayo.

Fedha zinazohusika si haba. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, Land Cruiser ni fahari, lakini kwanza ni chombo cha kazi. Njia ya kutoka Garissa kupitia Modogashe hadi Wajir, kisha El Wak hadi Mandera, ilikuwa ya mchanga na vumbi kwa miongo mingi, na mvua za masika zikishuka, gari lisilovuta kwa magurudumu manne hulala njiani. Kwa hiyo wanaoyajua magari haya hawaishii kusema "Land Cruiser". Husema HZJ, husema VX, husema V8, husema "ya UN". Kila jina lina bei yake, na palipo na tofauti ya bei pana mtu wa kuvalisha.

Wamarekani walikumbwa na jambo hili mapema. Pontiac ilipoanza kuuza GTO kama gari la mwaka 1964, haikuwa modeli inayojitegemea. Ilikuwa kifurushi cha nyongeza juu ya gari la LeMans, na nambari ya gari haikuonyesha kama kifurushi hicho kilinunuliwa. Ni kuanzia magari ya 1966 ndipo GTO ilipopata msimbo wake wenyewe, 242, mwanzoni mwa nambari. Chevrolet Camaro ya 1969 ni ngumu zaidi: nambari yake husema kama gari lilitoka na silinda sita au V8, lakini haisemi kama ni Z/28, toleo la mbio linalopendwa sana na wakusanyaji. Camaro ya kawaida ikabandikwa beji, ikapakwa mistari miwili ya rangi, ikauzwa kwa bei ya kifalme. Wanunuzi wakakimbilia karatasi. Leo mwenye Pontiac huomba nakala ya ankara ya kiwandani kutoka kwa Pontiac Historic Services, na mwenye Ford hununua ripoti ya Marti Auto Works, inayotokana na kumbukumbu za Ford zenyewe.

Mnunuzi wa Garissa ana bahati ambayo mwenye Camaro hana. Toyota iliandika mengi zaidi kwenye chuma.

Boneti ya Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ikifunguliwa, ukutani mwa injini huonekana kibao kidogo cha bati chenye modeli, injini, nambari ya fremu, rangi, vitambaa vya ndani na gia. Mstari wa modeli ndio wa kusomwa kwanza. Chukua HZJ79R. HZ ni injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita yenye sentimita za ujazo 4,164, isiyo na tabo, ambayo madereva wa kaskazini huiamini kwa sababu pampu yake ni ya kimakanika na hurekebishika mbali na mji. J ni ukoo wa Land Cruiser. 79 ni pikapu iliyotoka mwaka 1999 kuchukua nafasi ya 75. R ni usukani wa kulia.

Herufi hiyo ya mwisho ina uzito wa pekee katika eneo hili. Somalia na Ethiopia huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo magari mengi yaliyoagizwa kwa ajili yao yana usukani wa kushoto, na Kenya hairuhusu magari ya namna hiyo isipokuwa kwa kazi maalumu. Kibao kikisema HZJ79L ilhali dereva ameketi kulia, usukani umehamishwa na mtu. Mashimo yaliyozibwa kwenye ukuta wa injini upande wa kushoto huthibitisha. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana R wala L hapo, bali herufi kama K, V au W, na hilo lisimtie mtu hofu: Wajapani nao hukaa kulia.

Kwa kibao hicho peke yake, madai mengi ya "toleo maalumu" hufa kabla ya chai kuagizwa. Mwaka 2014 Toyota ilirudisha mfululizo wa 70 katika soko la Japani kuadhimisha miaka 30 tangu uzinduliwe mwaka 1984, kwa uzalishaji uliopangiwa muda mfupi. Magari hayo yalikuwa ya aina mbili: la abiria, GRJ76K, na pikapu ya milango minne, GRJ79K. GR ni injini ya petroli ya V6, lita 4.0, na dizeli haikuwamo kabisa. Anayeuza pikapu ya dizeli na kuiita ya maadhimisho ya miaka 30 ya Japani ama hajui, ama injini imebadilishwa, ama anadanganya.

Toleo la pili linalotajwa mara kwa mara ni la Australia la mwaka 2021, la miaka 70 tangu Land Cruiser ya kwanza. Yalitolewa magari 600 tu. Alama yake ya mbele ni grili iliyoandikwa TOYOTA kwa herufi kubwa badala ya nembo ya duara. Grili ya namna hiyo sasa huuzwa kama kipuri cha kawaida, na imeenea kwenye pikapu ambazo hazijawahi kuiona Australia. Hakuna haja ya kubishana kuhusu herufi zake. Mfululizo wa 70 uliouzwa Australia mwaka huo wote ulikuwa na V8 ya dizeli ya lita 4.5, yaani VDJ. Kibao kikianza na HZJ, mjadala umefungwa.

Mfululizo wa 80, uliouzwa tangu 1990 na bado unaonekana Garissa ukiwa na afya, una mtego mwingine. VX ya dizeli iliyoagizwa kutoka Japani ni HDJ81V, yenye injini ya 1HD-T: tabo, na dizeli inayopulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Ndugu yake mnyenyekevu, HZJ81V, ina 1HZ. Injini hizi mbili zina ujazo uleule, na kwa mbali hufanana. Fundi akiifungia 1HZ tabo ya mtumba, akabandika VX nyuma, mnunuzi husikia mluzi na kuamini.

Jicho la makanika halidanganyiki kirahisi hivyo. 1HZ ina plagi za kupasha joto kichwani, moja kwa kila silinda. 1HD-T haina, hewa yake hupashwa joto kwenye njia ya kuingilia. Tena 1HZ hukandamiza hewa mara 22.4, na 1HD-T mara 18.6, kwa sababu ilisanifiwa tangu mwanzo kubeba tabo. Mwenye kununua 1HZ iliyotiwa tabo kwa bei ya VX amelipia herufi, kisha joto la Garissa na mzigo wa miraa humlipisha tena kwenye kichwa cha injini.

V8 ndiyo yenye maigizo mengi. Wakenya huliita hivyo Land Cruiser la mfululizo wa 200, lililotoka 2007 na kubadilishwa sura kwa kiasi kikubwa mwaka 2015. Vifaa vya kuligeuza la 2008 lionekane la 2016 huuzwa waziwazi kwa seti nzima, na kuvifunga si kosa. Kosa ni kuvinyamazia. Nambari ya usajili hufichua mengi hapa. Plati za KB zilianza kutolewa mwaka 2007 na zikaisha wakati mwaka 2015 haujafika, hivyo gari lenye sura ya 2016 na plati ya KBN limevalishwa, na hakuna maelezo mengine. Linalodaiwa kuwa "V8 mpya" ya mfululizo wa 300 lina kasoro kubwa zaidi: tangu mfululizo huo uzinduliwe Juni 2021, hakuna hata moja lililotoka kiwandani na V8. Zote ni V6.

Palipo na shaka ya umri, vitu vidogo vina uaminifu kuliko vikubwa. Mkanda wa usalama ukivutwa hadi mwisho, karibu na chini huonekana lebo ya kitambaa yenye tarehe ya kutengenezwa. Vioo vya madirisha vina alama ya kiwanda na nukta au tarakimu za mwaka pembeni. Vipande vya plastiki ndani ya milango mara nyingi vina muhuri wa duara wenye mshale unaoonyesha mwezi. Nani ana subira ya kubadilisha mikanda yote, vioo vyote na plastiki zote? Kioo kimoja cha tarehe tofauti ni jiwe lililorushwa barabarani. Vyote vikisema 2008 na dalali akisema 2016, vioo havina kamisheni ya kutafuta.

Bado kuna swali gumu kuliko yote, na linatokana na jinsi Land Cruiser ilivyoundwa. Bodi yake huketi juu ya fremu, na vitu hivyo viwili hutenganishwa kwa bolti. Kibao cha modeli kipo kwenye bodi. Nambari ya chasisi imechongwa kwenye fremu, upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Maana yake ni kwamba bodi halali ya gari lililopinduka inaweza kuwekwa juu ya fremu ya gari lililoibwa, na kibao kikaendelea kusema ukweli kuhusu gari ambalo halipo tena.

Ndiyo maana brashi ya waya na kitambaa chenye dizeli ni vifaa vya lazima. Mafuta na vumbi vikishaondolewa, tarakimu zisomwe moja moja na zilinganishwe na kibao. Tarakimu za kiwandani hukaa kwenye mstari mmoja, kwa kina kimoja, na chuma kinachozizunguka kina ngozi ileile ya fremu nzima. Chuma kilicholainishwa kwa msasa hapo tu, rangi mpya kwenye kipande cha urefu wa kiganja, au mshono wa kulehemu mbele na nyuma ya nambari, kila kimoja kinatosha kumfanya mnunuzi arudishe fedha mfukoni. Katika kaunti zinazopakana na nchi jirani kupitia Liboi, El Wak na Mandera, gari lenye nambari iliyofutwa si biashara mbaya tu. Ni kesi.

Herufi za kwanza za nambari ya tarakimu 17 nazo hutaja ukoo: JT ni Japani, AHT ni Afrika Kusini, MR0 ni Thailand. Hilux "ya Japani" inayoanza na AHT ilizaliwa Durban. Si gari baya kwa hilo, ila bei ya Japani haistahili.

Baada ya chuma ndipo karatasi. Rekodi ya gari hupatikana kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya eCitizen kwa shilingi 550, ikionyesha mwenye gari, nambari ya chasisi na ya injini. Linganisho ni la pande nne: kibao, fremu, bloku ya injini na rekodi. Logibuku iliyoletwa na muuzaji haitoshi kuwa shahidi wa muuzaji huyohuyo.

"Ya UN" ni dai linalostahili uangalifu wake. Tangu kambi za Dadaab zifunguliwe kuanzia 1991, Garissa imeona Land Cruiser nyingi za mashirika: nyeupe, zenye snokeli, tangi la pili na mguu wa antena ya redio ya masafa marefu kwenye bampa. Hupendwa kwa sababu hufanyiwa sevisi kwa ratiba. Lakini rangi nyeupe na snokeli hununuliwa na yeyote. Kilicho vigumu kuiga ni mfuatano wa karatasi: barua ya kuuzwa kwa tenda, daftari la sevisi, na uthibitisho kwamba ushuru umelipwa. Gari lililoingizwa nchini bila ushuru kwa upendeleo wa kidiplomasia hulipiwa linapouzwa kwa raia wa kawaida, na asipoonyeshwa risiti ya mamlaka ya mapato, KRA, mnunuzi ndiye atakayedaiwa.

Katika jambo moja desturi ya Garissa inaachana kabisa na ya Marekani. Kule, Camaro iliyopoteza injini yake ya kuzaliwa hushuka bei hata kama injini mpya ni bora. Hapa, FZJ80 ya petroli iliyotiwa 1HZ yaweza kupanda bei, kwa kuwa petroli inakula sana na fundi wa dizeli yupo kila kituo. Mabadiliko hayo ni ya busara, na mwandishi wa sura hii angemshauri mtu ayanunue bila wasiwasi, mradi mambo mawili yawepo: gari liuzwe kwa jina la FZJ iliyobadilishwa injini, na nambari mpya ya injini iwe imeshaingizwa kwenye rekodi ya NTSA. Ikiwa haijaingizwa, muuzaji ndiye wa kulifanya hilo kabla ya uhamisho, kwa jina lake na kwa gharama yake, huku fedha zikiwa bado kwa mnunuzi.