Kijana, Katuni za Kijapani na Usingizi

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unagusa jambo ambalo huenda baadhi ya wazee wenzangu wataliona la kitoto. Mimi nami nililiona hivyo, mpaka lilipoingia nyumbani kwangu.

Nyumbani ninaishi na mtoto wa marehemu mdogo wangu, kijana wa miaka 19 anayesoma chuo hapa mjini. Miezi michache baada ya kuhamia kwetu alianza kuamka na maumivu ya kichwa, macho mekundu na mwili mzito. Darasani alikuwa akisinzia. Kama ilivyo kawaida yetu wauguzi, nilimpeleka akapimwe malaria, hakuna. Wingi wa damu ulikuwa mzuri, mkojo safi, choo hakina kitu. Nikampa vidonge vya maumivu na kumwambia anywe maji ya kutosha. Ndipo usiku mmoja nilipoamka saa tisa nikaona mwanga chini ya mlango wake. Nilimkuta amejifunika shuka gubigubi, simu iko karibu kugusa pua, anatazama katuni.

Kosa langu nitalisema wazi, maana najua wapo wazazi watakaolirudia. Nilimnyang'anya ile simu, na kesho yake nikafuta kila kilichokuwemo kwenye memori kadi. Zilikuwa ni picha alizokusanya kwa miaka 3. Hakunijibu vibaya. Alisema tu, "Sawa, mama mkubwa." Kwa wiki 3 baada ya hapo hatukupata kwake zaidi ya salamu. Na usingizi wenyewe haukurudi! Taa ilizimwa, simu iko kabatini kwangu, lakini kijana alikuwa macho vilevile. Hapo ndipo muuguzi wa miaka mingi alipotakiwa kujiuliza kama ametibu ugonjwa au dalili yake tu.

Katuni hizi ni nini?

Wazazi wengi tunaamini kwamba kila katuni ni ya mtoto mdogo. Katuni za Japani, ziitwazo anime, sivyo zilivyo. Nyingi hutokana na vitabu vya hadithi za picha viitwavyo manga (neno hili halina uhusiano wowote na Wamanga wa pwani yetu). Mmoja wa waasisi wake, Osamu Tezuka, alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Osaka na kupata leseni, lakini akachagua kalamu. Tarehe 1 Januari 1963 hadithi yake ya mtoto wa roboti, Tetsuwan Atom, ilianza kuonyeshwa katika televisheni ya Japani. Miaka 10 baadaye alianza kuandika Black Jack, hadithi za daktari mpasuaji asiye na leseni. Hayo nilielezwa na kijana wangu, na nakiri kwamba hapo nilianza kusikiliza vizuri zaidi.

Zipo anime za watoto, za michezo, za mapenzi, za vita, hata za mapishi. Zipo pia zenye umwagaji wa damu na mambo ya utupu ambayo mtoto hafai kuyaona. Kwa hiyo mzazi anayemwachia mtoto wa miaka 8 simu kutwa nzima kwa kuwa "ni katuni tu" anajidanganya. Kule kwao, nyingi za watu wazima huonyeshwa usiku wa manane, na watu huzirekodi wakazitazama baadaye. Shabiki aliyezama huitwa otaku, neno lililoanza kutumika kwa maana hiyo mwaka 1983, tena kwa dharau. Siku hizi wengi hujiita hivyo wenyewe bila aibu, na miongoni mwao wapo watu wazima wenye kazi na familia zao.

Sasa tupige hesabu, kama tunavyohesabu matone ya dripu. Hadithi iitwayo One Piece ilianza kuonyeshwa Oktoba 1999 na mpaka leo inaendelea. Sehemu zake zimepita 1,100, na kila moja ni kama dakika 24. Hizo ni dakika 26,400, yaani saa 440, yaani siku 18 na saa 8 bila kula wala kulala. Anayetazama sehemu 2 kwa siku atafika alipo mwenzake baada ya siku 550, na hakuna kitakachoharibika. Kijana wangu alikuwa akianza saa nne usiku, kwa sababu vifurushi vya intaneti vya usiku ni nafuu, na anatazama sehemu 10 hadi 12. Hiyo ndiyo ile saa tisa niliyomkuta nayo. Saa kumi na mbili asubuhi anaamka kwenda chuo. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi za usingizi, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Yeye alikuwa akipata 3. Kichwa kisimuume kwa nini? Tena mwanga wa simu karibu na macho huchelewesha homoni inayoleta usingizi, na yale aliyofundishwa mchana hayakai kichwani vizuri bila kulala. Wengine huongezea vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, ambavyo kafeini yake hukaa mwilini kwa saa nyingi.

Ni vizuri pia tujue kwa nini ni vigumu kuacha. Hadithi hizi kwa kawaida hutolewa sehemu moja kwa wiki, kwa hiyo mtunzi hukatisha pale penye hamu ili mtazamaji arudi wiki ijayo. Leo kijana anazo sehemu zote mkononi kwa pamoja. Kila mwisho unamsukuma katika mwanzo mwingine. Dawa yake niliipata kwa kijana mwenyewe, na ni rahisi ajabu: usisimame mwishoni mwa sehemu, simama katikati, pale hadithi ilipotulia. Amejaribu, inasaidia.

Mwanga unaowaka na kuzimika

Hapa naomba wazazi wenye watoto wa kifafa wasome kwa makini. Jioni ya tarehe 16 Desemba 1997, televisheni ya Japani ilionyesha sehemu moja ya katuni ya Pokémon. Ndani yake ilikuwapo picha ya mlipuko ambapo rangi nyekundu na samawati zilipishana mara 12 hivi kwa kila sekunde, kwa muda wa sekunde chache tu. Watoto waliokuwa wakitazama walianza kuumwa kichwa, kutapika, kuona giza, na baadhi kuanguka na kutetemeka mwili mzima. Waliopelekwa hospitali walikuwa 685, na wengine wao hawakuwahi kuanguka kabla ya siku ile. Usiku huo taarifa za habari zikaionyesha tena picha ileile, na watu wengine wakaugua. Katuni hiyo ilisimamishwa kwa miezi 4, na mwaka 1998 watangazaji wa Japani wakaweka masharti juu ya mwanga wa namna hiyo. Tangu hapo katuni nyingi zao huanza na maandishi yanayomwambia mtazamaji awashe taa ya chumba na akae mbali na kioo.

Wenye kifafa kinachochochewa na mwanga ni wachache, kama watu 3 kati ya 100 wenye kifafa. Lakini kukosa usingizi nako huweza kuchochea kifafa. Basi mtoto aliyejifunika shuka gizani, simu iko puani, na hajalala tangu juzi, amefanya kinyume cha kila sharti. Akihisi macho yanachezacheza, afunike jicho moja kwa kiganja na ageuze uso. Akianguka, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, msimtie kijiko wala kidole kinywani. Ikipita dakika 5 bila kutulia, hospitali mara moja.

Filamu aliyonionyesha

Sasa nirudi nyumbani. Baada ya zile wiki 3 nilimrudishia simu na kumwomba radhi. Si jambo rahisi kwa mtu wa umri wangu, lakini nilifanya. Nikamwambia, "Mwanangu, nionyeshe basi hicho ulichokuwa ukitazama." Akafikiri kidogo, akachagua filamu ya mwaka 1988 ya mtengenezaji Isao Takahata. Jina lake kwa lugha yetu ni Kaburi la Vimulimuli. Inahusu kijana na mdogo wake wa kike katika mji wa Kobe mwaka 1945. Mabomu yanaunguza mji, mama yao anakufa kwa majeraha ya moto, na watoto wanabaki kuhangaika wenyewe mpaka njaa inawamaliza.

Mimi nimefanya kazi wodi ya watoto. Yule mtoto wa kike alipoanza kutoka vipele, akaharisha, akalegea macho, nilijua kinachokuja kabla ya filamu kusema. Nimewapokea wa namna hiyo wakiwa mgongoni mwa mama zao. Nililia, sikuficha. Kijana akasema taratibu, bila kunitazama, "Mama mkubwa, mimi silali tangu mama alipofariki. Nikifumba macho namwona wodini. Hizi zinanisaidia usiku uishe."

Mdogo wangu alikuwa amefariki miezi 7 nyuma. Nilikuwa nimempima mtoto wake damu, mkojo na choo, na sikuwa nimemuuliza habari za mama yake hata mara moja.

Kwa hiyo, wazazi na walezi, kabla hamjaificha simu, ulizeni usiku huo ulikuwaje kabla ya katuni kuingia. Kutazama katuni si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa michezo ya kompyuta katika orodha yake iliyoanza kutumika 2022, lakini halikuandika ushabiki wa hadithi. Kinachotakiwa kutushtua ni mtu kuacha chakula, kuacha kuoga, kukwepa rafiki zake, kupoteza hamu ya hata zile katuni alizozipenda, au kusema maisha hayana maana. Hizo ni dalili za sonona, na zikiendelea zaidi ya wiki 2 mleteni aonwe. Akitamka habari ya kujidhuru msingoje wiki 2. Mleteni siku hiyohiyo.

Tuliyokubaliana nyumbani kwetu ni haya. Sehemu 2 kwa siku, kabla ya saa tatu usiku, sebuleni, taa ikiwaka. Kila dakika 20 anatazama kitu cha mbali kwa sekunde 20 ili macho yapumzike. Simu inalala jikoni, na yangu pia, maana alidai haki. Kila Alhamisi jioni anazungumza na mshauri wa hospitali yetu. Ijumaa anaruhusiwa kuzidisha, na huzidisha kweli. Mwanzoni alinung'unika, nikamkumbusha kwamba hata One Piece yenyewe ilipumzika kutoka Oktoba 2024 hadi Aprili 2025, na kwamba mwaka 2023 mchoraji wake alisimamisha kazi wiki 4 ili apasuliwe macho. Mashabiki walingoja, hakuna aliyefariki.

Bado kuna usiku anaonijia saa nane akisema hajalala. Tunachemsha maziwa, tunakaa jikoni, anaongea habari za mama yake, au mimi ndiye ninayeongea, kwa kuwa nilimfahamu tangu anazaliwa. Kichwa hakimuumi tena kila asubuhi. Mtihani mmoja alishindwa na ataurudia. Zile picha za memori kadi amekusanya upya nyingi, lakini nyingine anasema hazipatikani tena, na hilo bado ananidai.