Fahamu: Skuta iliyogeuzwa kuwa ya umeme itapanda Jabal Akhdar?

Kutoa injini na tangi, kisha kufunga mota na betri, si jambo geni: mjini Kigali, kampuni ya Rwanda Electric Mobility imezigeuza pikipiki za petroli namna hiyo. Jabal Akhdar, mlima wa Oman, ni mtihani mwingine. Kutoka Birkat al-Mauz, chini ya mlima, hadi Saiq, juu yake, ni kupanda takriban mita 1,400. Skuta na dereva wakiwa kilo 150, mwinuko peke yake unakula karibu uniti (kWh) 0.6 za umeme. Betri ya volti 60, ampea-saa 20, hubeba uniti 1.2. Kwa hesabu inatosha. Hofu yangu ni mota ya ndani ya gurudumu: kwenye mlima huzunguka polepole, huvuta umeme mwingi, na nyaya zake huweza kuungua. Afadhali mota ya mnyororo, yenye gia ya kupunguza mwendo.