Trauti wa Ziwa Ellis Wanataka Maandalizi

Wanaoniuliza habari za kuvua trauti Mlima Kenya huanzia kwenye ndoana: namba ngapi, chambo gani? Nami huwauliza kwanza watalala wapi usiku wa kuamkia kuvua. Ziwa Ellis liko juu ya mji wa Chogoria, upande wa mashariki wa mlima, zaidi ya mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne hufika karibu na ziwa, na hapo ndipo hatari ilipo: mtu anaamka Nairobi, jioni yuko huko juu, kichwa kinamgonga na chakula hakipiti. Lala kwanza karibu na lango la hifadhi, penye mita kama 2,950, mwili uzoee hewa nyepesi. Siku hiyo moja usiihesabu kuwa hasara.

Januari na Februari ndiyo miezi ninayoipenda. Masika yakianza Machi, barabara ya msituni huwa tope tupu. Usiku baridi hushuka hadi maji ya ndoo kuganda, basi beba blanketi la ziada. Maharage makavu yaache nyumbani: kwenye kimo hicho maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 90, na sufuria itatokota jioni nzima bila maharage kulainika. Pika nyumbani, huko upashe moto tu.

Baridi hiyo inayotutesa sisi ndiyo uhai wa trauti. Samaki huyu si mwenyeji wa Kenya; mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliingiza mayai yake kutoka Uskoti na kuyapandikiza katika mto Gura, Aberdare. Anahitaji maji baridi yenye oksijeni nyingi, na kutaga hutaga kwenye changarawe ya maji yanayotiririka. Kwa hiyo ziwa la mlimani lisilo na kijito cha kufaa huishiwa samaki, lisipopandikizwa wengine.

Vua alfajiri au jua likikaribia kuzama. Tazama upepo unakoelekea: wadudu wanaoangukia majini husukumwa hadi ukingo wa upande huo, na trauti huwafuata. Nyatia kwa kuinama, kivuli chako kisitangulie majini, kwa kuwa trauti huona vizuri kilicho juu yake. Ukimnasa na hutaki kumla, lowesha mikono kabla ya kumshika. Mwili wake umefunikwa na ute unaomkinga na maradhi. Kiganja kikavu huubandua, na samaki uliyemwachilia akiogelea vizuri anaweza kufa siku chache baadaye. Mtoe ndoana akiwa majini, mshikilie taratibu hadi aondoke kwa nguvu zake mwenyewe.

Ziwa limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya, kwa hiyo kabla ya safari ulizia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kuhusu kibali cha kuvua na ada za kuingia. Chukua pia kiongozi anayeijua njia, maana msituni kuna tembo na nyati.

Na kimo kikimzidi mwenzako, akaanza kutapika, kupepesuka au kusema maneno yasiyoeleweka, kunja mshipi. Usimwache alale ukitumaini ataamka salama. Mshusheni mara moja.