Kuacha Sigara: Siku 3 za Kwanza Usiwe Peke Yako

Msomaji, ikiwa umeazimia kuacha sigara, jua kwamba vita vikali viko mwanzoni. Nikotini hutoka mwilini upesi, na siku ya 2 na ya 3 ndizo huuma zaidi: hasira za bure, usingizi wa mang'amung'amu, kichwa kuuma. Lakini kila hamu ya kuvuta hudumu dakika chache tu, na majuma 2 hadi 4 yakipita makali hupungua.

Hapo ndipo mwenzako anapofaa. Ikiwa wewe ni mvuvi wa Homa Bay na sigara ndiyo hukupitishia usiku ziwani, tafuta mmoja chomboni muiache pamoja. Hamu ikikushika, mwambie. Kunyweni maji, pigeni soga mpaka ipite.

Kule Migori, mradi wa serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa ulianza mwaka wa 2022, na wakulima wakaacha tumbaku wakapanda maharagwe. Ikiwa shamba laweza kuachana nayo, kifua chako je?

Ukiteleza ukavuta moja, usijifiche. Mwambie mwenzako siku hiyo hiyo, muanze upya. Kidole kimoja hakivunji chawa.