Zana za Kutunza Programu Kongwe

Programu kongwe ni ile ambayo bado inategemewa, ilhali walioiandika wameshaondoka, au hawakumbuki tena kwa nini waliiandika hivyo. Michael Feathers, katika kitabu chake cha 2004, alitoa tafsiri kali zaidi: ni msimbo wowote usio na majaribio. Kwa kipimo hicho, hata msimbo wa wiki iliyopita unaweza kuwa kongwe.

Takwimu za afya zinatoa mfano mzuri. Muuguzi wa zahanati katika kata kama Mpepai, Mbinga, hujaza vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya: namba 5 kwa wagonjwa wa nje, namba 6 kwa wajawazito. Mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa, kisha huingizwa kwenye DHIS2, mfumo uliosambazwa Tanzania nzima mwaka 2013, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishiriki kuujenga. DHIS ya kwanza ilizaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990 juu ya Microsoft Access. Ya pili ilianza kuandikwa Oslo mwaka 2004 kwa lugha ya Java. Kitabu kikiongezwa safu moja tu, ripoti na programu ndogo zinazochota data humo hazina budi kufuata, na hapo ndipo mtunzaji hugundua kama zana zake zinamfaa.

Hitaji la kwanza ni kuona. Faili la Access, kama lile la DHIS ya kwanza, hufungia jedwali, fomu na msimbo pamoja, kwa namna ambayo zana ya kulinganisha matoleo haiwezi kusoma kilichobadilika. Amri ya SaveAsText hutoa kila fomu na kila moduli kama maandishi ya kawaida. Ni hatua ndogo, lakini ndiyo inayomfungulia mtunzaji zana nyingine zote, na inashangaza jinsi inavyorukwa.

Maandishi yakishapatikana, yanahitaji kumbukumbu ya mabadiliko. Msimbo wa DHIS2 uliwahi kutunzwa kwa Bazaar, baadaye ukahamishiwa Git, zana aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Git ina amri iitwayo bisect ambayo ni mkombozi wa kweli kwa mtunzaji. Tuseme ripoti ilikuwa sahihi Januari na sasa ina kasoro, na katikati kuna mabadiliko 1,000. Amri hiyo hugawa mabadiliko hayo nusu kwa nusu. Baada ya majaribio kama 10, badiliko lenye kosa limekamatwa. Tena historia yote imo ndani ya kompyuta ya mtunzaji, hivyo mtandao ukikatika Mbinga kazi haisimami.

Majaribio ya programu kongwe hayaanzi kwa kuuliza mfumo ulipaswa kufanya nini, maana mara nyingi hakuna anayejua. Huanza kwa kurekodi unachofanya sasa. Huchukuliwa jumla za miezi kadhaa ya zahanati moja, zisizo na majina ya wagonjwa, zikapitishwa kwenye mfumo kabla ya kugusa msimbo na baada ya kuugusa. Majibu yakitofautiana hata kwa mjamzito mmoja, kuna swali la kujibiwa kabla ya kuendelea.

Kihariri ndicho wengi hukitafuta kwanza, ingawa faida yake huonekana zaidi baada ya hayo. Kwa Java, Eclipse na IntelliJ IDEA zinaweza kubadilisha jina la kitu kila linapotumika na kuonyesha nani anaita nini. Kihariri kinachotafuta maneno tu hakijui tofauti ya "jumla" mbili zenye maana mbili.

Linabaki suala la maktaba. Mradi wa Java huvuta maktaba kutoka mtandaoni kupitia Maven, na toleo la zamani linaweza kukosa kukubaliana na Java mpya. Nakala za maktaba na za Java yenyewe zihifadhiwe mahali pamoja na msimbo, na mradi ujengwe angalau mara moja mtandao ukiwa umezimwa.

Kuandika upya kila kitu kwa mkupuo ni hatari. Kubadilisha kipande kwa kipande ndiyo njia salama zaidi. DHIS2 yenyewe ilipita humo: kurasa za zamani zilizojengwa kwa maktaba ya Struts zilikuwa zikibadilishwa moja baada ya nyingine kwa programu za React, huku hifadhidata iliyo chini yake ikiendelea kupokea taarifa za kila mwezi.