Fahamu: WhatsApp Business na matangazo ya duka dogo

Ni nini?

WhatsApp Business, programu ya simu iliyotolewa Januari 2018, humwezesha mwenye duka kuzipanga bidhaa na bei zake katika katalogi, na kuwapelekea watu hadi 256 wa orodha moja habari ileile kwa mkupuo, ijapokuwa ujumbe huo hauwafikii ila wale waliokwisha kuihifadhi nambari yake. Sharti ambalo, kwa rai yetu, ni stara kwa mnunuzi.

Sheria yasemaje?

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yakataza kuzitumia taarifa za mtu kibiashara pasipo idhini yake ya wazi, ila sheria nyingine ikiruhusu; Tanzania nayo ilitunga yake mwaka 2022. Basi, ewe muuzaji, taka ruhusa kwanza.